Mdundo Usiongoja Mtu

Fundi friji wa nyuma ya soko walimwita Kimya, maana siku nzima husikii kwake ila bisibisi. Muziki alikuwa nao, lakini ulikaa ndani ya kompyuta kuukuu juu ya friji moja mbovu. Ngurumo ya friji hiyo aliirekodi akaifanya besi. Mlango ulipobamizwa, akaufanya mdundo. Akishavaa hedifoni, umwite usimwite, hayupo. Nyimbo zake hakuna aliyewahi kuzisikia, na ndivyo alivyopenda. Kompyuta haimbishii mtu.

Siku moja alivaa hedifoni bila kuchomeka waya sawasawa. Akadhani sauti imefifia, akazidi kuipandisha, na spika kubwa ya karakana ikaugawia mtaa mzima wimbo wake. Kugeuka, mlangoni kasimama jirani yake, fundi wa kuchomelea, anagonga fremu ya dirisha kwa koleo. Pembeni yake shangazi wa fundi huyo, mwanakwaya, anaitikia kana kwamba wimbo katunga yeye. Kimya alitamani friji ifunguke immeze.

Hawakumpa nafasi ya kukataa. Jumamosi baada ya kazi wakakutana hapo karakana, shangazi akaomba dua fupi, wakaanza. Ikawa vurugu tupu. Shangazi alivuta neno mpaka moyo wake uridhike, mdundo wa kompyuta ukamwacha njiani, na fundi wa kuchomelea hajui akimbilie wapi. Wakarudia, ikaharibika palepale. Kimya akaona wimbo wake unachanwachanwa mbele ya macho yake. Akaanza kukunja waya.

"Hilo dude lako halipumui," shangazi akamwambia taratibu. "Mimi napumua, baba. Sasa utamfuata nani?"

Fundi wa kuchomelea akasema yeye atamfuata atakayeleta chai. Kimya akacheka bila kupenda. Akaitazama kompyuta kwa muda. Mdundo ule alikuwa ameuhangaikia sana. Kisha akauzima, akabakiza ngurumo peke yake.

Shangazi akaimba. Alipovuta neno, koleo likamngoja, na Kimya akajikuta anaitikia kwa kisauti chembamba kilichomshangaza mwenyewe.

Siku hizi ni bendi kamili, yupo na muuza matunda na gitaa lake. Kompyuta imepumzishwa, na friji yenyewe ndiyo inayowashwa itoe besi. Mwenye friji alikuja kuuliza imefikia wapi. Kimya akamwomba kwa upole akubali kutafutiwa nyingine, maana hiyo imeshaingia kwenye bendi.