Tulivyocheza karata za vampire pale Tena tukidhani "strike" ni mgomo

Wakuu, niaje. Hii stori ni ya kweli tupu. Kama kuna chumvi nimeongeza ni ile ya kuonja tu, na kaka yangu Wafula yuko humu ndani, akiona nimedanganya atapiga kelele.

Na wale mmezoea kuniita "bro" kwa comments, poleni. Mimi ni dada. Naitwa Nekesa.

Ni miaka ya tisini, estate ya Tena, Nairobi, kutoka likizo ya Agosti mpaka ile ya Desemba. Mimi niko Form Two.

Kulikuwa na jirani yetu anaitwa Mburu. Shangazi yake alikuwa nesi Uingereza, na mwaka huo alituma parcel. Soksi, chokoleti, na boksi moja nzito la karata.

Si karata za kawaida za jembe na kopa. Hizi zilikuwa na picha za mavampire. Watu weupe kama unga, makoti marefu, meno nje.

Maze, tulichizi.

Shida ilikuwa moja. Chokoleti iliyeyuka njiani ikamwagikia kile kijitabu cha sheria. Kurasa za mwanzo zote ziligandana. Mburu alijaribu kuzibandua na mvuke wa chai, zikatoka vipande vipande. Kwa hivyo sheria zingine tulisoma, zingine tulilamba.

Wacha niwaeleze game kidogo ndio tuende pamoja.

Mnakaa duara. Kila mtu ana bakuli lake la damu, na hiyo ndiyo maisha yake. Mbele yako una vampire zako. Zamu yako ikifika unawatuma mmoja mmoja, kila mmoja mara moja, waende kunywa kwa bakuli la mwenzako. Mwenzako anaweza kumzuia kwa kumtoa vampire wake. Wakikutana hapo katikati, ndipo mnatumia zile karata zimeandikwa STRIKE. Bakuli likiisha, umetoka.

Damu yetu ilikuwa maharagwe. Yale mekundu ya Mama, ya githeri.

(Mama alikuja kuona zile karata siku moja, akashika moja, akaitazama sana. Akauliza, "Na hawa meno yao yamefanya nini?" Wafula bila kupepesa macho akasema, "Ni wagonjwa wa dentist, Mama." Mama akasema pole zao, akarudi jikoni. Angejua ni wanyonya damu, na vile alikuwa kiongozi wa maombi, lile boksi lingewasha jiko siku hiyo hiyo.)

Wachezaji walikuwa watatu. Mburu mwenye boksi, Wafula kaka yangu mkubwa, na Oti wa nyumba ya kona.

Mimi je? Mimi nilikuwa mtunza maharagwe.

Si utani. Walinipa bakuli kubwa wakaniambia, "Nekesa, wewe utakuwa benki ya damu." Mimi nikakubali kwa sababu bora niko hapo. Lakini wakuu, roho iliuma. Hiyo game niliipenda kuliko wote watatu wakiwekwa pamoja. Nilijua kila karata, kila sura, kila jina. Na kucheza sikuruhusiwa.

Sasa ndio tufike kwa lile neno.

Buda wetu, yaani Baba, alikuwa anafanya kazi kiwandani Industrial Area, na alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Mwaka huo walikuwa wamegoma wiki nzima. Kila siku nyumbani ni strike, strike, strike. Babake Oti naye alikuwa kwa mgomo huo huo. Mtoto wa Tena ukimwambia "strike" anajua kitu kimoja tu: watu wamekaa chini, hakuna kazi.

Kwa hivyo sisi tukakubaliana kwamba STRIKE ni mgomo.

Usicheke bado.

Vampire wawili wakikutana, mmoja akiweka Strike, basi wote wawili wanaweka vifaa chini. Hakuna kupigana. Comrades. Na ile namba kwa karata? Strike 1, Strike 2, Strike 3? Tulisema hizo ni siku za mgomo!

Nawaapia. Ukiweka Strike 3, vampire wako alikuwa anakaa nje raundi tatu anaimba solidarity.

Mbona karata ilikuwa na picha ya mtu ana kucha ndefu za damu? Oti alieleza vizuri sana. Alisema huyo ni mgomaji amekasirika.

Basi fikiria. Hakuna mtu alikuwa anaumia. Game moja ilianza baada ya chakula cha mchana na saa ya chai bado iko pale pale. Kilichokuwa kinapunguza damu ni kura tu, maana kulikuwa na karata za siasa, unaitisha kura wenzako wanapunguziwa maharagwe. Na si mnajua miaka ile, vyama vingi vimeingia, kila mtu mtaani ni mwanasiasa. Mburu alikuwa fundi wa kura. Alikuwa anasimama kabisa anahutubia.

Strike 1 walizipenda, mgomo mfupi wa kujiokoa. Lakini Strike 3 walizichukia kama ugonjwa. Nani anataka kugoma siku tatu? Kila wakipata wananirushia mimi. "Benki, weka takataka."

Nikawa naziweka kwa bahasha ya khaki chini ya godoro. Zilijaa.

Halafu Mburu akatuletea habari mbaya. Wanahamia Nakuru mwezi wa kwanza. Na mamake amemwambia hayo makaratasi hayapandi lori.

Akasema hivi: "Jumamosi tunacheza ya mwisho. Atakayeshinda anabaki na boksi."

Hapo nikajua boksi liko hatarini. Kwa sababu nilijua mpango wa Wafula. Kuna jamaa wa Donholm alikuwa amemwahidi viatu vya mpira, vile vya meno chini, wabadilishane na boksi. Wafula akishinda, boksi limeenda. Mburu akishinda mwenyewe, alisema atampa Oti, na Oti alikuwa na wadogo wanne wa kurarua kila kitu. Njia ya boksi kubaki salama ilikuwa moja tu. Mimi nishinde.

Na mimi sikuwa hata mchezaji.

Alhamisi jioni niko na Baba mezani, anakunywa chai baada ya kazi. Nimetandaza takataka zangu. Kuna moja ilikuwa imeandikwa "strike with claws". Ilikuwa imenisumbua miezi.

Nikamuuliza, "Baba, mtu anagoma aje na kucha?"

Akasema, "Anagoma na nini?"

Nikamwonyesha. Nikamweleza sheria zetu zote, comrades, siku tatu, mgomaji amekasirika.

Wakuu, Baba alicheka chai ikatoka kwa pua. Alicheka mpaka Mama akaja kuona nani amekufa. Alipopata pumzi akaniambia, "Strike ni kupiga, mama. Hii ingine ya kugoma ni yetu sisi watu wa kiwanda."

Kupiga.

Nikaangalia ile bahasha. Strike 3 si siku tatu. Ni makofi matatu! Vampire akipigwa hivyo anaanguka kwa mpigo mmoja! Na zote, zile nzito zote za boksi zima, ziko kwangu. Wamenipa wenyewe. Kwa hiari yao. Miezi mizima.

Sikulala usingizi wa maana siku hiyo. Nilikuwa nacheka ndani ya blanketi.

Jumamosi asubuhi kwa veranda yetu, kreti ya soda imepinduliwa ndio meza. Nikasema, nataka kucheza.

Mburu: "Na deck gani?"

"Na takataka zenu."

Walicheka! Oti alilala chini. Wafula akasema mwache, akitoka mapema atarudi kwa maharagwe. Wakaniruhusu nichague vampire watatu. Nikachukua wawili wenye misuli, na mmoja mama mzee wa kofia pana, kwa sababu ndiye aliyekuwa amebaki.

Raundi ya pili, Wafula akanitumia vampire wake. Nikamzuia. Akaweka Strike 1, anatabasamu, akasema "mgomo."

Nikaweka Strike 3. "Mimi sijagoma. Mimi napiga."

Oti akainama kuisoma ile karata.

Halafu kelele, wakuu! Mwizi! Mdanganyifu! Amejitungia sheria! Wafula anataka kupindua kreti. Baba alikuwa pale karibu ananyoa ndevu na kioo kimewekwa dirishani. Akaja na povu nusu uso. Wote wakaanza kuongea mara moja.

Akawanyamazisha na mkono, vile alizoea kufanya kwa mikutano. Akaenda ndani akarudi na kamusi. Akasoma maana ya kwanza, kupiga. Akasoma ile ingine, kugoma. Akawaangalia mmoja mmoja. "Nyinyi vijana, mmewahi kuona mtu akigoma na kucha?"

Oti akajaribu, "Mgomaji amekasirika..." Baba akamwangalia tu.

Lakini na mimi sikuponea. Aliniambia mbele yao kwamba anayeficha sheria mfukoni hajashinda chochote. Nikaona aibu, kwa sababu ni ukweli, nilikuwa nimejua tangu Alhamisi nikanyamaza.

Uamuzi ukatoka: game inaanza upya, wote wakijua strike ni kupiga.

Wafula akapumua. Kisha Baba akamalizia, "Na kila mtu abaki na karata alizochagua mwenyewe."

Ungeona sura zao. Walianza kupekua deck zao. Kura, kura, hotuba, kura, mgomo wa siku moja. Ngumi zote nzito ziko kwa benki.

Basi tukaanza, na mimi nikaingia wazimu.

Nilipiga kila kitu kinachosonga. Vampire wa Wafula, chini. Wa Oti, chini. Kila Strike 3 nikiweka napiga kreti na kiganja, "Lipa mshahara!" Nilikuwa nalipiza miezi ya kushika bakuli. Raha ile siwezi kuieleza, ilikuwa tamu kama mandazi ya wizi.

Na hapo ndipo nilikaribia kupoteza. Wale mnaojenga deck za fujo, sikieni hapa.

Kupiga vampire hakumalizi bakuli la mtu. Unampiga anaanguka, lakini mwenye bakuli bado anakuangalia. Wafula nilimmaliza, sawa, nilimnywa mpaka tone la mwisho na viatu vyake vya mpira. Lakini nikiwa busy na hasira zangu, Mburu yuko pale polepole anaitisha kura. Oti akatolewa na kura. Nikaangalia bakuli langu, maharagwe mawili.

Mawili!

Mburu ana matatu, na vampire mmoja amebaki, kazee ka miwani. Mkononi ana karata moja, na vile alivyokuwa anarekebisha kola ya shati kama mtu wa kuhutubia, nilijua ni kura. Zamu ikirudi kwake, nimekwisha. Boksi limeenda kwa kina Oti.

Mimi niko na Strike 3 ya mwisho. Bonge moja langu bado limesimama, lile lingine limechoka. Na yule mama wa kofia, ambaye sikuwa nimemtumia hata mara moja kwa sababu hana kucha wala ngumi. Karata yake ilikuwa inasema tu, akifika anakunywa matatu.

Nikazihesabu karata zangu upya. Wafula alikuwa nyuma yangu, na mkono wake ulikuwa kwa bega langu. Hata yeye alikuwa amesahau viatu.

Nikamtuma bonge. Mburu hakuwa amemhesabu mama wa kofia kabisa, akatoa kazee ka miwani kumzuia. Nikaweka Strike 3. Miwani ikaruka. Kazee chini.

Mburu akatabasamu. "Sawa, lakini hujakunywa. Umezuiwa. Zamu yangu."

Nikasema, "Bado. Mama anaenda dukani."

Nikamsukuma yule mama wa kofia, polepole, akavuka kreti. Hakuna wa kumzuia. Wote nilikuwa nimewalaza. Akafika kwa bakuli akanywa maharagwe matatu.

Wakuu, nilipiga nduru majirani wa block nzima wakatoka. Oti alinibeba. Wafula anaimba jina langu. Mburu akaweka ile karata yake mezani, kweli ilikuwa kura, akacheka akanipa boksi kwa mikono miwili kama mtu anakabidhi kombe.

Nililala nalo.

Mwezi wa kwanza lori likaja, Mburu akaenda. Nikafungua boksi langu kwa veranda, nikaangalia Wafula na Oti wakiwa na zile deck zao za hotuba, nikajua hakuna game hapa. Nitawapiga kila siku mpaka wachoke waende mpira. Kwa hivyo nikamwaga ile bahasha ya khaki kwa kreti, nikagawa ngumi zote sawa kwa sawa.

Kiti cha Mburu kilikuwa wazi. Baba, ametoka kazini, overall bado mwilini, akavuta kiti akakaa. Akapewa karata. Akazisoma pole pole, mdomo unasonga.

Zamu yake ya kwanza akaweka chini Strike 3, kwa kishindo.

Nikamuuliza, "Unapiga nani, Baba?"

Akakunja mikono. "Simpigi mtu. Nimegoma siku tatu mpaka niletewe chai."

Na unajua nini? Sheria ni sheria. Tulimletea.

Baba alishatutoka. Boksi ninalo hadi leo, na hiyo karata ina doa la chai.

Nilichojifunza: ngumi inafungua mlango tu, usisahau kubakisha mama wa kofia wa kuingia. Na ukipewa takataka, soma vizuri kabla hujatupa.

Haya, nawaachia jamvi. Nani mwingine alikuwa na neno ambalo mtaa mzima mlilielewa vibaya? Wafula, najua unasoma hii. Wewe anza, na usisahau kuwaambia nani alisema wagonjwa wa dentist.