Mwalimu Mwenzangu wa Merti

Mwaka ule nilifundisha watoto ambao sikuwahi kusikia viatu vyao vikikwaruza sakafu. Wao walikuwa Merti, mimi Isiolo mjini, na kati yetu palikuwa na barabara ambayo hata lori huifikiria mara mbili. Shule yao ilikuwa imebaki bila mwalimu wa Kiswahili. Yetu haikuwa na mwalimu wa fizikia. Walimu wakuu wakakubaliana tubadilishane. Asubuhi nilikaa mbele ya kompyuta nikafundisha kidato cha nne cha Merti, na baada ya chai, mwalimu wa fizikia wa Merti alitokea ukutani mwetu, mkubwa kuliko dirisha, akafundisha kidato cha nne chetu. Aliyekuwa hafundishi alikaa na darasa la shule yake kulituliza.

Tulipoelezwa, ulionekana mpango mwepesi. Hatukujua kwamba kila mmoja wetu angechoka kwa kazi yake na kwa kazi ya mwenzake pia.

Tatizo la kwanza lilikuwa sauti. Ilichelewa. Nikiuliza swali, jibu lilinifikia nimeshahamia jambo jingine, tukagongana kama mbuzi mlangoni mwa zizi. Kwa hivyo tukatunga ishara. Mwenzangu alisimama kando ya kamera: ngumi, hawajaelewa, kidole sikioni, sauti haipo, kiganja wazi, endelea. Nikazoea kufundisha nikitazama mkono wa mtu badala ya nyuso za wanafunzi.

Asubuhi moja nilifika shuleni bado nina joto la riwaya yangu, ambayo niliamka kuiandika kila alfajiri. Tulikuwa na shairi la mtu anayemlilia mpenzi aliyemwacha. Nikafundisha kwa moyo wote. Kiganja kilikuwa wazi, nikaendelea. Nikaeleza vina, nikaeleza uchungu, nikasoma ubeti wa mwisho kwa sauti ya chini. Kiganja bado wazi. Kengele ilipolia ndipo nilipoona kwamba pazia la nyuma yake, lililokuwa limeinuliwa na upepo, halikuwa limeshuka. Picha ilikuwa imekwama tangu mwanzo.

Nilimpigia simu nikicheka. Alinisalimu, "Salaam aleikum, Madam," nikaitikia kama alivyonizoesha, mimi mtoto wa kanisa kutoka milima ya Meru. Hakucheka. Aliniambia kwamba hata mimi nilikwama kule kwao.

"Ulibaki umefungua mdomo kama ngamia anayepigana na mgunga," alisema. "Darasa la jirani likaja kuchungulia."

Nilimuuliza alifanya nini. Alikuwa amechukua kitabu akafundisha shairi mwenyewe, akawaambia wanafunzi kwamba mtunzi amepoteza ng'ombe.

"Mwalimu, ni mwanamke."

"Ng'ombe. Ameacha kula, halali, anauliza kila mpita njia. Kwetu mtu halii hivyo kwa mwanamke."

Nilicheka peke yangu. Kisha sauti yake ikawa ya mtu aliyeweka mzigo chini.

"Madam, huku picha ikikatika, mimi nabaki na watoto unaowafundisha. Huko ikikatika, watoto ninaowafundisha wanaenda kununua mandazi. Kamera ikirudi nakuta madawati matupu. Sasa ikatike tena hivyo, mimi nimemaliza. Nitamwambia mkuu wetu."

Ilikuwa kweli, na nilijua maana yake. Akijiondoa, watoto wa Merti wangeingia kwenye mtihani wa Kiswahili bila mwalimu, na wangu wangeingia kwenye wa fizikia hivyo hivyo. Nikamwomba tujaribu jambo moja: kila alasiri kila mmoja amtumie mwenzake somo la kesho kwa ujumbe wa sauti, ili mtandao ukifa, aliye darasani aendelee. Alisema ataona.

Basi tukaanza. Fizikia niliiacha kidato cha pili, bila majonzi. Sasa nilimsikiliza akieleza mwanga huku nikisahihisha insha, malori ya mifugo yakipita, vumbi likijaa kwenye vitabu. Nyuma ya sauti yake walilia mbuzi. Nadhani alizungumza akiwapa maji. Wakati mwingine alikatiza sentensi akafoka kwa Kiborana, kisha akarudi kwenye miale kana kwamba hakuna lililotokea. Nami nilimtumia mashairi, nikimsihi asitie ng'ombe pasipo na ng'ombe. Hapo ndipo riwaya yangu ilipolala. Alfajiri nilifungua macho, nikaitazama kompyuta, nikayafumba tena.

Siku ya somo la lenzi, stima ilipotea mji mzima. Mwenzangu alitoweka ukutani katikati ya neno. Viti vikasukumwa.

"Madam, imekufa. Tutoke?" akauliza msichana wa mbele, tayari amesimama.

"Kaeni."

"Na nani atafundisha?"

Nikachukua chaki. Nilichora lenzi iliyofura tumboni, nikapitisha mwale mmoja, wa pili ukanishinda. Nikaupeleka juu, kicheko kikatoka nyuma. Yule msichana akaniambia, kwa upole wa mtu anayemvusha bibi barabara, kwamba mwale huo lazima upinde.

"Upinde wapi?"

"Ukiingia, Madam. Na ukitoka."

Nikaufuta. Nikaufuta tena. Tulikwenda hivyo, mimi nikisema nilichokisikia kati ya vilio vya mbuzi, wao wakikisukuma mahali pake, hadi miale ikakutana upande wa pili wa lenzi, karibu na pale ilipotakiwa. Kengele ilipolia hakuna aliyekuwa ametoka nje. Mgongo uliniuma kana kwamba nimebeba maji kutoka mtoni.

Stima iliporudi nilikuta ujumbe wake: "Walirudi saa ngapi?"

Nikamjibu kwamba hawakutoka. Nikamtumia picha ya ubao.

Niliona ameifungua. Kisha: "Mwale wa chini umekosea. Kesho nitaanzia hapo."

Nilikaa chini, chaki bado mkononi. Kesho. Na shairi lake la kesho sikuwa nimelitayarisha. Nikafunga mlango wa darasa upepo usiingie, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikaanza kumsomea.