Mfupa Nilioukalia Kimya

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, iko moja ambayo hata nikija kulisahau jina langu, yenyewe nitaikumbuka. Ilikuwa asubuhi ya mvua, na mvua ya Tukuyu unaijua, ikianza haina haraka ya kwenda kwingine. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, elimu yangu darasa la saba, kazi yangu mhudumu katika chumba cha eksirei cha hospitali moja ya hapa wilayani.

Ninyi wa leo picha inatokea kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajarudisha shati mwilini. Sisi tulikuwa na chumba cha giza. Mtaalamu akishapiga, alinikabidhi kasha lenye filamu, nami nikaingia nalo gizani, nikaichovya filamu kwenye dawa ya kwanza, nikaisuuza, nikaichovya kwenye ya pili, nikaiosha kwa maji mengi, kisha nikaitundika. Kwa unyevu wa huku filamu ya asubuhi ilikauka mchana. Dawa zile zilinuka kama siki na zilinipaka kucha rangi ya chai. Kanisani wanakwaya wenzangu walikuwa wakinisogelea wakati wa kuimba tu, wimbo ukiisha wananiachia nafasi kwenye benchi. Nilizoea.

Mtaalamu wetu alikuwa Mzee Gwakisa, mtu mfupi, mpole, aliyekuwa akinifundisha bila kusema kwamba ananifundisha. Kila picha aliyoiinua dirishani aliisoma kwa sauti, kama mtu anayejisemea: hapa pazima, hapa pana ufa, hapa sipaelewi, tupige tena kwa upande. Mimi nikiwa nyuma yake na ndoo yangu, nilisikiliza. Baada ya miaka miwili nilikuwa naitambua mifupa kama ninavyoitambua migomba ya kwetu, huu mzima, huu una ugonjwa.

Asubuhi hiyo aliletwa Mama Subilaga, mchuma chai kutoka Lupepo. Aliteleza njiani akiwa na kikapu mgongoni, akajikinga kwa mkono wa kulia. Mzee Gwakisa akampiga picha ya kifundo cha mkono, kisha akaitwa wodini. Mimi nikaisafisha filamu, nikaitoa nje penye mwanga. Kwenye kile kimfupa kilicho chini ya kidole gumba niliona ufa mwembamba kama unywele. Niliuona vizuri kabisa, mwanangu, sikuukisia.

Nikaipeleka ile picha mbichi kwa daktari wa zamu. Akaiinua dirishani, akaitazama kidogo, akasema, "Hakuna kilichovunjika. Ni msuli. Apewe dawa ya maumivu aende nyumbani."

Nilibaki nimesimama, maji ya filamu yakinidondokea kiatuni. Nikafungua mdomo. Daktari akanigeukia.

"Kuna kingine?"

"Hapana, daktari."

Maneno mawili hayo ndiyo kosa langu. Nilijiambia, mimi nani? Yeye amesoma miaka mingapi, mimi nimesoma ndoo ngapi? Mzee Gwakisa aliporudi, picha ilikuwa imeshaingia kwenye faili, na yeye pia sikumwambia. Nilisafisha filamu nyingine, nikaenda nyumbani, nikala ugali, nikalala vizuri. Hilo la kulala vizuri ndilo linalonikera mpaka leo.

Miezi saba baadaye Mama Subilaga akarudi. Mkono wake ulikuwa hauwezi kushika jani la chai, kidole gumba kimekosa nguvu. Akapigwa picha mpya. Mzee Gwakisa akaagiza ile ya zamani itafutwe, akazibandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha. Kile kimfupa sasa kilikuwa vipande viwili, na vipande vyenyewe vimekwisha kuzoeana kukaa mbalimbali. Kama angefungwa hogo, ile plasta ngumu, siku ile ya kwanza, kingeunga.

"Hii ya kwanza nani aliisafisha?" Mzee Gwakisa akauliza, bila kugeuka.

"Mimi, mzee."

Mama Subilaga alikuwa ameketi kwenye benchi, mkono ameuweka mapajani kama kitu cha kuazima. Akanitazama.

"Binti, siku ile uliona?"

Ningeweza kumdanganya. Sijui kwa nini sikumdanganya.

"Niliona, mama."

"Ukanyamaza."

"Mimi ni mhudumu tu, mama. Daktari alikuwa ameshasema."

"Na mimi ni mchuma chai tu," akasema, taratibu, wala hakupandisha sauti. "Nikimwona nyoka kwenye mstari wa mwenzangu, nimsubiri kwanza msimamizi aje amwone yeye?"

Nilimtazama Mzee Gwakisa nikitumaini atasema neno la kunifunika. Yeye alikuwa amezigeukia picha. Mama Subilaga alipokwisha kuondoka, alizibandua zile picha, akanipa mkononi.

"Macho ya kazi hii unayo, Sekela," akaniambia. "Nenda ukasome, ili wakose sababu ya kukufunga mdomo. Lakini usijidanganye. Haki ya kusema ulikuwa nayo siku ileile."

Watu nikiwasimulia hapa husubiri niseme nililia. Sikulia. Nilikasirika. Nilijikasirikia mimi kwanza, halafu nikalikasirikia lile neno "tu" nililojibandika mwenyewe, maana hakuna aliyenibandika siku ile.

Basi nikaanza kusoma usiku, na katika miaka hiyo nikaolewa, nikapata mtoto. Nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, nikafeli hesabu, nikarudia, nikapita. Nikapata nafasi ya chuo cha mionzi, mkoa wa mbali. Nikapeleka fomu ya ruhusa kwa katibu wa hospitali. Akaisoma, akacheka kidogo.

"Sekela, ukienda wewe, filamu atasafisha nani?"

"Atakayefundishwa, kama nilivyofundishwa mimi."

"Wewe una mume na mtoto. Chuo kile ni cha vijana waliotoka shule."

"Ndiyo maana nina haraka, bwana katibu."

Hakutia saini. Ijumaa iliyofuata nikaenda kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi yake, na fomu yangu mapajani, katika muda wangu wa chakula. Ijumaa nyingine vilevile. Sikumtukana, sikumnung'unikia, nilikaa nikaonekana. Watu wakaanza kumuuliza yule mama anangoja nini. Mwisho alitia saini, nafikiri ili benchi lake lipumzike.

Chuoni vijana waliniita mama, na kwa fizikia walinizidi wote. Kwa picha hawakunizidi. Mwalimu alipozitundika ukutani, wao walikuwa bado wanatafuta upande wa juu, mimi nimeshaona ugonjwa ulipo. Nikahitimu.

Kabla sijaripoti kazini nilikwenda Lupepo kwa Mama Subilaga. Nilimkuta anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Nikamwonyesha cheti. Alikitazama, akanirudishia.

"Hiki hakinichumii chai, binti," akasema. Kisha akaingia jikoni, akaniletea ndizi za kupika na maziwa mgando, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Msamaha hakunipa, nami sikuwa na uso wa kumwomba. Nilikula chakula chake, nikaondoka.

Niliporudi hospitali, ratiba ya zamu ilikuwa imebandikwa ukutani: Sekela, mhudumu. Nikachukua kalamu, nikakata, nikaandika: mtaalamu wa mionzi. Mwezi uliofuata wakachapa tena vilevile. Nikakata tena. Walichoka wao kabla yangu, maana kalamu haina uzito.

Sasa sikiliza la yule kijana wa Matwebe. Alianguka kutoka juu ya lori la ndizi, akaletwa kwenye machela akilalamika shingo. Mzee Gwakisa alikuwa amestaafu, kwenye chumba niko mimi. Nikapiga picha ya shingo kwa upande. Kijana alikuwa na mabega mapana, na mabega yakaufunika mfupa wa mwisho wa shingo. Daktari, kijana mgeni mwenye mwendo wa haraka, akaitazama na kusema, "Safi. Mwinueni akae."

"Daktari, mfupa wa saba hauonekani," nikasema. "Tuyavute mabega chini, nipige tena."

"Mama, wewe piga. Kusoma niachie mimi."

"Nimeshakuachia kusoma kilichopo. Ninachosema mimi ni kisichokuwepo."

Akawaashiria wahudumu wamwinue. Nikaenda upande wa kichwa cha machela, nikakishika kichwa cha yule kijana kwa mikono miwili, nikasimama pale na aproni yangu nzito ya risasi, ile ya kuzuia mionzi.

"Huyu hainuki mpaka nimpige picha nyingine," nikasema. "Ukitaka, niandikie barua baadaye."

Magoti yangu yalikuwa yanatetemeka, lakini ile aproni ni ndefu. Daktari alinitazama, akatazama saa, akasema, "Piga haraka." Wahudumu wakavuta mikono ya mgonjwa taratibu kuelekea miguuni, mabega yakashuka, nikapiga. Picha ilipotoka, mfupa wa saba ulikuwa umeteleza mbele ya mwenzake. Angeinuliwa akae, pengine asingesimama tena maisha yake yote. Alifungwa shingo vizuri, akapelekwa Mbeya, akarudi anatembea. Nimeshamwona sokoni zaidi ya mara moja, amebeba mikungu.

Na ile barua niliandikiwa kweli. Onyo, kwa kumvunjia daktari heshima mbele ya wagonjwa. Niliijibu kwa mistari michache: nimepokea, naomba onyo hili litunzwe kwenye faili langu pamoja na picha zote mbili za shingo. Hakuna aliyeniandikia tena. Yule daktari hakuniomba radhi mpaka anahamishwa. Ila tangu siku hiyo, kila alipoinua picha ngumu, alikaa nayo dirishani kimya, bila kunitazama, akingoja. Nami nilimwambia ninachokiona.

Mwaka huo, kwenye sherehe ya wafanyakazi, nikatajwa mfanyakazi bora wa idara. Nikapanda jukwaani, nikapeana mkono na mgeni rasmi, nikapokea cheti. Nikakisoma palepale. Kimeandikwa: mhudumu wa eksirei. Nikamrudishia.

"Samahani mheshimiwa," nikasema, "huyu aliyeandikwa hapa aliacha kazi nilipokwenda chuo. Mimi ni mtaalamu wa mionzi. Kikirekebishwa nitakuja kukichukua."

Wengine walisema nina kiburi. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alinisema wiki nzima kwamba nimemwaibisha mgeni. Nimefikiri miaka yote kama nilikosea. Sikukosea. Uhudumu si aibu, niliufanya kwa mikono hii na naujua uzito wake. Aibu ni mtu kusoma mpaka akamaliza, halafu wakubwa wakaendelea kumwona yule wa zamani kwa sababu wamemzoea. Kilirekebishwa baada ya miezi miwili. Kiko kabatini.

Nakusimulia haya, Tumpe, mjukuu wangu, kwa sababu juzi ulikaa jikoni kwangu ukasema una miaka miwili unajitolea kwenye chumba cha eksirei, una diploma yako halali, unapiga picha toka asubuhi, na jioni kwenye daftari zinaandikwa kwa jina la mwajiriwa ambaye hata hakuingia chumbani. Ukasema wanakuambia vumilia, wewe unajitolea tu. Ulitaka na mimi nikuambie uvumilie. Sikuambii.

Andika jina lako. Picha uliyopiga ni yako, ikiwa nzuri na ikiwa mbaya, na ile mbaya uiandike kwanza, ili siku ukidai ile nzuri asiwepo wa kukucheka. Ukiona kitu, kitaje, kwa adabu, kwa sauti inayosikika, na ukibishiwa kitaje mara ya pili. Ukikosea, ukubali mbele ya watu, urudi ujifunze. Usimdharau anayesafisha sakafu ya chumba hicho, mfundishe, huenda macho yake yanazidi yako. Na kusoma usiache. Kuna mashine mpya kila kukicha, na anayeijua mashine hawezi kufichwa nyuma ya jina la mwingine.

Sikufichi, wanaweza kukuambia usirudi kesho. Inawezekana. Basi utaondoka na kazi yako kichwani na jina lako mkononi, utagonga mlango mwingine. Mimi nimekaa Ijumaa nyingi kwenye benchi, najua benchi haliui. Kinachoua ni kuona mfupa wa mtu umevunjika ukasema "hapana, daktari", halafu ukaenda kulala.

Kyala akusaye, mwanangu. Mungu akubariki macho yaone, akupe ulimi usiosinzia, akupe na magoti, hata yakitetemeka yakusimamishe. Na wakikuuliza nani amekufundisha ubishi huu, nitaje mimi. Wapo wanaonikumbuka, na asiyenikumbuka mwambie naishi hapahapa Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo, na miguu yangu bado inafika hospitali.