Kidevu cha Askari

Moreen anamwomba mzee mwenye duka alete chakula cha mbwa, kisha anachuchumaa kando ya ukuta na kutazama. Mkoba wa dawa bado haujafunguliwa.

Mbwa anaitwa Askari. Ni mdogo bado, hajafikisha mwaka, ana manyoya mafupi ya kahawia na kidevu kilichojaa vipele vyenye usaha. Anatumbukiza kichwa ndani ya kidumu cha plastiki kilichokatwa kwa kisu. Kila anapotafuna, kidevu kinasugua ukingo wenye meno.

"Haji, nimeona," anasema Moreen Nafuna. "Shida iko kwa hiki kidumu."

Moreen, Mkenya mzaliwa wa Bungoma, ni msaidizi wa daktari wa mifugo hapa Kampala. Anaishi Namuwongo na siku nyingi huwafuata wagonjwa majumbani, kwani mbwa mwenye maumivu hana hamu ya kupanda bodaboda. Leo yuko Kasubi, nyuma ya duka la Mzee Uthman, ambaye watu humwita Haji.

Mababu wa Uthman walikuja na biashara kutoka pwani. Askari aliletwa kulinda duka, na kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi katika dini yake, mzee alitafuta chombo kirefu ili yasirukie vyombo vya nyumbani. Nia ilikuwa njema kabisa. Aliyeumia ni Askari.

Hii ni ziara ya pili kwa ajili ya vipele hivi. Mara ya kwanza Moreen alikwangua ngozi kwa wembe, na bosi wake, Daktari Alum, akaitazama kwa hadubini asione utitiri. Wakatoa dawa ya bakteria. Vipele vilipungua, kisha dawa ilipoisha vikarudi kwa hasira.

"Siku ile nilimkuta ameshakula, chombo kimewekwa mbali," anasema Moreen. "Nikatibu kidevu, chanzo nikakiacha hapo hapo."

Kidogo tu Askari angepoteza maisha. Majirani walipoona kidevu kimelowa usaha na mate, walisema ni kichaa cha mbwa. Opio, fundi wa pikipiki mlango wa pili, ameshaulizia sumu.

"Mimi niko na watoto," anasema Opio, na huwezi kumlaumu. "Hii mbwa ikiuma mutoto nitasema nini? Mimi sitangoja, musawo."

Moreen hamcheki, wala hamkumbushi kwamba yeye si musawo, si daktari. Anamweleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemchanja Askari, kwamba mbwa anakunywa maji vizuri na hajabadilika tabia. Anamwomba wiki mbili. Opio anakuna kichwa, anakubali, mradi mbwa afungwe.

Basi inabaki tiba. Askari atakula kwenye sahani pana ya chuma. Atameza vidonge vipya vya Daktari Alum. Vipele visikamuliwe hata kidogo, bali kidevu kikandwe asubuhi na jioni kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu yenye dawa.

"Nani atamkanda, Haji?" Moreen anauliza kwa sauti ya chini. Anajua mzee anaishi peke yake tangu mkewe afariki.

Uthman anaitazama kanzu yake, kisha anamtazama mbwa.

"Mimi."

"Nikuletee glavu?"

"Lete. Zikiisha nitanawa mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Maji yapo, mama nnyabo. Huyu hana mtu mwingine."



Wiki mbili baadaye Moreen amerudi. Ngozi imekauka na manyoya yameanza kuota. Opio anakuja na mikono yake ya grisi, anainama, anakitazama kidevu kwa muda mrefu.

"Kale," anasema, yaani sawa kwa Kiganda, kisha anarudi kwenye pikipiki zake. Hayo tu, lakini Moreen anashusha pumzi.

Ndoto ya Moreen ni chumba kimoja cha kutibia wanyama Namuwongo, chenye maji na mlango unaofungika. "Watu si wabaya, wanaogopa tu," anasema. "Nataka mtu akiogopa mbwa wake, aje kwangu kwanza, kabla hajaenda kwa mwenye sumu."

Anafunga mkoba na kumwambia Uthman kwamba Askari amepona, hakuna haja ya kumkanda tena.

Mzee haonekani kufurahi. Bado amechuchumaa, kidevu cha Askari kimelala kwenye kiganja chake kisicho na glavu.

"Hata jioni tu?" anauliza.