Ufunguo Katika Pindo la Kanga

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Sikuandika ili mnionee huruma. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta nimekosea mtanyamaza. Aliyenipitia maandishi ni mjukuu wangu, na yeye ana haki ya kuyasoma kabla yenu, maana ndiye niliyemkosea. Kila siku nyinyi ndio mnaosemwa kwamba simu imewaharibu. Mimi simu iliniharibu nikiwa na miaka sitini na mitatu, nikiwa katika eda ya mume wangu, ndani ya nyumba aliyonijengea yeye.

Kwa asiyejua: mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura. Hapaki wanja, hajitii manukato, haongei ovyo na wanaume. Na mimi nilikuwa mwanamke wa kutoka. Tangu nilipoletwa Mtendeni, hapa Tabora, nikiwa bibi harusi, kila asubuhi nilikwenda sokoni kwa miguu yangu, nikazishika nyanya kwa mkono wangu, nikagombana na muuza dagaa mpaka tukacheka. Matanga yalipoanuliwa na watu wakatawanyika, nilikaa kwenye mkeka nikasikia bati likilia kwa jua, nikasema hapa nitakufa mimi pia.

Binti yangu anafanya kazi Mwanza. Mwanawe, msichana wa miaka kumi, ninamlea mimi tangu alipoanza darasa la kwanza. Kabla hajarudi kazini binti yangu alinipa simu yake ya zamani, ile ya kupangusa.

"Mama, utasikiliza mawaidha. Na tutakuwa tunaonana sura."

Mawaidha nilisikiliza siku tatu. Siku ya nne kidole kiliteleza, akatokea mwanamke wa Dar es Salaam amesimama katikati ya vyombo, anauza laivu. Alikuwa anacheka. Anachukua bakuli, analigonga kwa ukucha lilie, tusikie. "Mama zangu, yamebaki matatu! Nani yuko Tabora? Mzigo unapanda basi leo leo!" Nikaona ameniita mimi. Tangu tumzike mzee hakuna mtu aliyekuwa ameniita kwa furaha. Wote waliniita kwa sauti ya chini, kama wanaomwita mgonjwa.

Nikanunua yale mabakuli. Halafu nikanunua mashuka, mapazia, dera, hotipoti za rangi tatu, chetezo cha umeme na udi wake, viatu vya kisigino ambavyo sijawahi kuvaa tangu nizaliwe. Nikanunua jiko la umeme la kukaangia bila mafuta, na mafuta yenyewe hatukuwa nayo. Rambirambi watu walizonipa kwa ajili ya mume wangu zilikwenda huko. Kodi ya wapangaji wa vyumba vya mbele ikazifuata.

Herufi za simu zinanipita mbio. Basi mtoto akitoka shule nilimwita anisomee. Alikuwa anaisogeza simu hadi inakaribia kugusa pua, ananisomea bei, ananiandikia jina na mahali. Bodaboda akileta mzigo kutoka standi, yeye ndiye aliyekwenda mlangoni kuupokea, maana mimi niko eda, siongei na wanaume. Katika hilo nilikuwa mchamungu sana.

Mizigo tuliiweka chumba cha uani, alimokuwa mzee akilaza baiskeli yake. Ile ya mwanzo niliifungua. Iliyofuata sikuifungua hata moja. Raha yote ilikuwa kwenye honi ya bodaboda. Boksi likishaingia ndani na mlango ukishafungwa, nilibaki najiona kama niliyekula chakula cha watu bila kukaribishwa. Dawa ya aibu hiyo ilikuwa kuagiza tena. Ufunguo niliufunga katika pindo la kanga yangu, nikalala nao, nikaswali nao.

Bibi mzaa mama yangu alikuwa akitusimulia wapagazi waliopita hapa kwetu kwenda pwani. Mtu anabeba pembe za ndovu miezi mitatu mpaka bega linaota sugu, halafu anarudi na shanga na kipande cha nguo, anapita navyo barazani akijionyesha, na ndani mkewe anachemsha majani. "Mjinga yule alimaliza miguu yake kwa shanga," bibi alikuwa akisema, nasi watoto tunacheka. Mimi shanga zilinifuata kwa njia ileile ya kutoka pwani. Sikumaliza hata miguu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Wapima macho walikuja shuleni kwao. Mtoto akaleta karatasi: apelekwe hospitali akapate miwani, haoni ubaoni. Nikampigia mama yake, na mama yake akatuma pesa siku ileile. Pesa ikaingia katika simu ileile. Jioni yake yule mwanamke wa laivu alikuwa na seti ya sahani zenye ukingo wa dhahabu, nikazilipia kwa pesa ile. Nikajiambia nitairudisha nikipokea kodi. Kodi ikaja, ikapita. Kijana wangu wa mwisho, fundi seremala, ambaye bado yuko hapa nyumbani, alikuwa tayari kumpeleka mtoto, kazi ya asubuhi moja tu. Nikamwambia dada yake hajatuma.

"Bibi, lini tunakwenda?" mtoto akaniuliza.

"Daktari wa macho amesafiri."

"Atarudi lini?"

"Kwani mimi ndiye mke wake?"

Akacheka. Hakuuliza tena. Mwezi uliofuata mwalimu akaandika katika daftari kwamba mtoto ananakili vibaya, anaruka mistari. Nikamshika sikio nikamfinya, nikamwita mzembe. Nilijua kwa nini anaruka mistari, na bado nilimfinya. Hilo, wajukuu zangu, nimemwomba Mungu msamaha, na yeye nimemwomba pia, lakini kidole changu bado kinalikumbuka lile sikio lilivyokuwa jembamba.

Siku ya kutoka eda ikafika. Binti yangu akaja kutoka Mwanza, majirani wakaja na mchele na masufuria, na wifi yangu mkubwa, dada wa marehemu, akaja kuniogesha. Kwetu mjane hafui nguo zake za eda akazivaa tena. Anayemuogesha ndiye anayezichukua, na mjane anavalishwa mpya. Mimi jambo hilo ninalijua, nimewaogesha wenzangu watatu. Lakini asubuhi ile nilikuwa nawaza kisomo na pilau. Nilivua kanga bafuni, wifi akaipokea mlangoni, akaenda nayo aiweke kwanza. Nilikuwa nimeshajimwagia maji kichwani nilipokumbuka pindo.

Nikaita. Maji yananichuruzika, sabuni machoni, naita, "Wifi! Hebu nirudishie kanga!"

"Kanga ya eda hairudi, wifi. Una wazimu?"

"Kuna kitu pindoni!"

"Nimekiona. Ufunguo. Nimempa binti yako, tunatafuta pa kuweka masufuria."

Nilivaa nguo mpya bila kujifuta. Nilipotoka, mlango wa chumba cha uani ulikuwa wazi, na wanawake wamejaa hapo kama kuna mtu kaanguka. Maboksi yalikuwa yamefika hadi dirishani. Moja lilikuwa limepasuka kwa uzito, na dera jekundu limemwagika sakafuni, na udi, na vile viatu.

Jirani mmoja akapiga kigelegele nusu, akajizuia. "Jamani! Sanduku la bi harusi hili! Mwenzetu alikuwa eda au alikuwa fungate?"

Wakacheka baadhi. Wifi yangu hakucheka. Alikuwa ameshika kanga yangu ya eda kwapani, akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Kaka yangu udongo haujakauka juu yake. Ni nani huyo mwanamume?"

Nitawaambieni ukweli. Nilinyamaza kwa makusudi. Katika dakika ile niliona ni nafuu waamini kwamba nina mwanamume. Mwanamke anayetaka kuolewa anaeleweka. Mwanamke aliyemaliza rambirambi za mumewe kwa mabakuli ataelezwaje? Nikainamisha kichwa, nikaacha jina la mume wangu likanyagwe ili langu lipone.

Mtoto ndiye aliyesema. Alipenya katikati ya makalio ya watu wazima, akasimama mbele ya wifi yangu.

"Bibi hana mchumba. Ananunua tu. Kwenye simu. Mimi ndiye ninayemsomea."

Binti yangu akageuka. "Unamsomea wewe? Kwa macho yapi? Miwani yako iko wapi?"

Mtoto akanitazama. Hakumtazama mama yake, alinitazama mimi, amekunja macho yale ili anione. Halafu akasema wazi, kama anayejibu swali darasani:

"Daktari wa macho amesafiri."

Kila mwanamke pale alijua kwamba daktari hakusafiri. Na kila mmoja alijua maneno yale yalikuwa ya nani.

Binti yangu hakunipigia kelele. Angenipigia ningepona. Alirudisha dera ndani ya boksi, akafunga mlango, akachukua mkono wangu uliolowa, akaniwekea ufunguo kiganjani. "Shika ufunguo wako, mama." Kisha akaenda kuchambua mchele. Kisomo kikasomwa, pilau ikaliwa, wifi yangu akala bila kuongea na mimi. Alipoondoka aliiacha kanga yangu ya eda juu ya ukuta wa uani. Kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo, na nililistahili.

Kesho yake binti yangu alimpeleka mtoto hospitali, nami nikafuata nyuma yao bila kualikwa. Ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza nje tangu nifiwe. Miwani ilipokuwa tayari, mtoto akaivaa, akatazama ukuta, akatazama mti ulioko nje, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Bibi, kumbe una ndevu mbili."

Mama yake akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka na huku nalia. Miezi yote ile mtoto alikuwa akiona kivuli tu, na kivuli hicho ndicho alichokitetea mbele za watu.

Vitu vile niliviuza mwenyewe. Nilikaa barazani kwangu mchana kweupe, maboksi yamepangwa, na wanawake walionifariji msibani wakaja kubishana nami bei. "Leo uko laivu, bibi?" "Gonga basi hilo bakuli tulisikie!" Nikaligonga. Niliyameza maneno yao kama shubiri, nikauza kwa hasara, nikapeleka kwa wifi yangu kiasi cha rambirambi nilichoweza. Hakupokea. Aliniambia, "Mpe mwenye macho." Lakini aliniambia, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu kisomo.

Mtadhani nilipona hapo. Hata mimi nilidhani. Simu nilibaki nayo kwa sababu ya kuonana sura na mwanangu, au ndivyo nilivyosema. Nikarudi sokoni kwa miguu, nikajiwekea sharti kwamba nisichoweza kukibeba mwenyewe kichwani hadi nyumbani sina haja nacho. Nikalishika sharti wiki kadhaa. Kisha nikapata homa, nikalala siku tatu ndani, na siku ya tatu nikamfungua yule mwanamke. "Mama zangu, mlipotelea wapi?" akasema. Safari hii sikuhitaji msomaji. Nilikuwa nimeshajua pa kubonyeza.

Siku mbili baadaye bodaboda akapiga honi. Nilikuwa uani, kijana wangu anapiga randa mbao zake, mtoto yuko karibu na mlango. Akatoka, akarudi amekumbatia boksi, miwani imemteremka puani. Hakushangaa. Hakuninunia. Akalipitisha lile boksi mbele ya mjomba wake, akanisogelea, akaninong'oneza kwa upole kabisa, kama mtu anayejua kazi yake:

"Bibi, nikaliweke chumba cha uani? Nipe ufunguo kabla mjomba hajauliza."

Nilitazama uso ule. Nilikuwa nimemrudishia macho, lakini kuficha nilikomfundisha kulikuwa bado hakujaondoka. Angekua nako. Angekwenda nako kwa mumewe.

Nikafungua pindo, nikamtupia mwanangu ufunguo miguuni. Nikasema kwa sauti, wapangaji wa mbele nao wasikie:

"Acha hiyo randa. Ung'oe mlango wa chumba cha uani, sasa hivi, na bawaba zake, ukautumie kumtengenezea mtoto meza ya kusomea. Na kuanzia leo mzigo wowote unaoingia nyumba hii, uwe wangu au wa nani, utafunguliwa barazani, mchana, na mtoto huyu asiambiwe na mtu yeyote kunong'ona."