Ulanga na Mrututu

Mtunza stoo wa maabara ya madini hupangusa kila jiwe kwa kitambaa, kisha hulitaja kwa jina la zamani: ulanga wa magamba, mrututu wa buluu, shabu nyeupe. Meneja amebandika majina mapya kwenye makasha yote. Mama huyu huitikia, "Sawa, bosi," kisha huendelea na yake. Karani mwenzake aliona ni ubishi tu, mpaka siku alipompelekea nyumbani mkoba aliousahau kazini. Alimkuta ameketi na mumewe, mchimbaji wa siku nyingi ambaye kiharusi kilimwachia majina ya mawe tu, nayo humjia kwa taabu. Kiganjani mwa mzee kilimetameta kijiwe cha magamba.

"Mrututu," mzee alijikakamua.

"Mrututu ulikuwa jana, baba. Huu je?"

Mzee alitikisa kichwa, jasho likimtoka. Mkewe alivifumba vidole vya mzee juu ya jiwe, akasogeza kiti karibu.

"Sina pa kwenda," alisema. "Jaribu tena."