Bakwe balinikuta na kichwa mu dirisha

Hii haya nilitaka kuzikwa nayo, mais juu bote bale balikuwa pale banaichekea mpaka ku soko, na kila mumoja anaongeza chumvi yake, afazali niiseme mimi mwenyewe: bakwe bangu balinikuta na kichwa nje ya dirisha, masikio imeshikwa mu chuma, na mwili yangu yote imebaki mu salon ya nyumba sawa vile ya mutu mwengine.

Ilianza na mwizi. Kwetu Butembo, huku ku kilima, mwizi aliingia kwa jirani kupitia dirisha, akabeba televisheni na hata sufuria ya maharagi yenye ilikuwa ingali moto (ile sufuria ndiyo ilituuma zaidi). Bwana yangu, Papa Masika, akaita soudeur, fundi wa kuchomea chuma, atutilie antivol, zile chuma za dirisha, juu nyumba yetu ilikuwa mupya na kioo peke yake haikatazi mutu. Soudeur akatuonyesha namna mbili: fimbo zenye zinasimama karibu-karibu, ao chuma zenye zimekunjwa sawa vile maua, na nafasi kubwa-kubwa katikati. Papa Masika akasema fimbo. Mimi nikasema maua. Munielewe: binti yetu Masika alikuwa karibu kuombwa, bakwe bangetoka Oicha, na mimi nilikuwa nimeshaona mu roho ile mwangaza ya asubui inapita mu maua, inalala chini ku simenti, na bageni banaingia polepole, bananyamaza juu ya uzuri. Nani anataka fimbo? Tukatia maua.

Asubui ya ile siku yenyewe ya kuombwa, Masika ameenda kusukwa nywele, Papa Masika akasimama mbele ya dirisha, akatikisa kichwa.

"Mama Masika, hapa mwizi anapita."

"Mwizi gani? Hata kichwa haipite!"

Nikapima. Kichwa ikapita. Ikapita muzuri sana, sawa vile ile nafasi ilikuwa inaningojea tangu zamani. Kurudi ndiyo ikakataa. Papa Masika akanivuta kiuno, nikalia, akaacha, akakimbia kutafuta soudeur.

Nikabaki peke yangu, na niseme ukweli, ilikuwa tamu kidogo. Ukungu ilikuwa ingali imelala mu bonde, mabati ya nyumba zinatoka ndani yake moja-moja, harufu ya mikaratusi inapanda, kengele ya kanisa inalia mbali sana, sawa vile chini ya maji. Miaka yote nimekaa hapa sikukuwa na wakati ya kuangalia kilima yangu. Nikasahau hata shingo. Mu ile usingizi ya macho wazi nikaona bamama banapanda njia, bamevaa kitenge ya rangi moja, na bababa nyuma yao, banatoka mu ukungu bila sauti, nikawaza: bazuri kweli, ni ba nani bale?

Kumbe ni bakwe! Balikuwa bamelala Beni ku njia, barabara ikatulia, bakafika mbele ya saa.

Nikafanya nini? Nikatabasamu. Nikaweka kidevu sawa vile mutu mwenye kupunga hewa.

"Karibuni! Mupite ku mulango, iko wazi!"

Tante, shangazi wa bwana-arusi, mama mukubwa wa heshima, akasimama chini ya dirisha, akaninyoshea mukono. Mikono yangu yote iko ndani.

"Mama, tunakusalimia. Hautoki?"

"Niko... naangalia kwanza ukungu, tante."

(Ndiyo, nilisema vile.)

Akageukia benzake. "Tumetoka Oicha, na mwenye nyumba anatuangalia ku dirisha sawa vile tunauzisha mboga ya sombe. Turudi."

Bakageuka. Nikaona migongo yao, zile kitenge zinarudi mu ukungu, na ndoa ya mutoto wangu inaenda pamoja nazo. Chuma ilinishika masikio, mais kiburi ndiyo ilinishika kinywa. Mwisho nikapiga kelele, jirani bote bakatoka:

"Tante, musiende! Nimekwama!"

Kiisha kicheko, ya bakwe na ya kilima yote. Tante akarudi, akagusa masikio yangu polepole. "Kumbe, masikini. Mulete mafuta ya ngazi, ya mawese!" Bababa bakaingia kushika kiuno yangu, yeye akabaki nje ananipakaa.

"Regeza shingo, mama. Fikiri uko mutoto anazaliwa."

"Mais tante, mutoto hazaliwake kwa kurudi nyuma!"

Akacheka mpaka akanisukuma paji la uso, na mimi nikatoka kwa nguvu, nikaanguka juu ya bakwe, tukalala bote chini. Vile ndiyo Papa Masika alitukuta, soudeur nyuma yake na musumeno mu mukono.

Wakati ya kuomba ilipofika, musemaji wao akasimama, koti yake imejaa mafuta.

"Sisi tulikuja kuomba binti. Mama yake ametuonyesha kama mu hii nyumba kuingia ni kwepesi, mais kutoka haiwezekane. Ile namna ya ndoa ndiyo tunatafuta."

"Wasingya," Papa Masika akashukuru, machozi ya kicheko inamutoka.

Juma ile tukatia fimbo. Asubui zingine natamani ile mwangaza ya maua, sikatai. Mais nimeapa: mugeni akinikuta mu shida, nitalia kwanza, salamu itafuata. Na wewe mwenye kuchagua dirisha, pima nafasi na mukono, pima na mupira ya batoto, hata bwana yako umuombe apime. Kichwa yako, mama, iache ndani.